Mapendo yanayobaki



Mara nyingi bwana na bibi wanafika mbele yetu mashemasi na kusema: «Mapendo yamekwisha.» Nasi tunauliza: mapendo ni joto la moyo tu? Basi yatazimika upesi, kama moto wa majani makavu.

Tumukumbuke Mama Marie Muilu. Mwaka 1921 serikali ya Wabelgiji ilimhukumu bwana yake, Papa Simon Kimbangu, kufa. Kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alifungwa hapa Katanga, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mbali sana na Nkamba. Akakaa gerezani miaka 30, akafa tarehe 12/10/1951. Mama alilea watoto wao 3 na kuchunga waamini kwa siri, mpaka alipolala tarehe 27/4/1959. Yale hayakufanywa na joto la siku moja.

Kanisa letu linafundisha: Mapendo, Amri, Kazi. Muone, mapendo hayakuwekwa peke yake. Amri inayalinda siku moyo umechoka. Kazi inayaonyesha kwa macho.

Hatusemi bibi avumilie kupigwa. Anayepiga ndiye amevunja agano. Tunasema na wewe uliyekwenda Kolwezi kutafuta mali, bibi akabaki Kasenga na watoto. Hakuna gereza linalokufunga. Unangoja moyo upate joto ndipo utume unga? Tuma leo, moyo utafuata mkono.

Mungu atusaidie. Amina.