Hesabu ya Rungu

Wiki tatu zilizopita jirani yangu, mwanamke Mkongomani aliyekimbia vita vya Kivu na ambaye huuza vitenge na samaki wakavu katika mtaa mmoja wa Kampala, alivunjwa mfupa wa kiganja kwa rungu la askari polisi, mchana, mbele ya watu, kwa kosa la kuchelewa kuondoa bidhaa zake kando ya barabara. Tulipokwenda kituoni kushtaki, yeye akiwa ameuweka mkono kifuani ndani ya kanga iliyofungwa shingoni, tuliambiwa kwamba jeraha halitathibitishwa pasipo fomu ya PF3, fomu ambayo hutolewa na polisi wenyewe, na afande aliyekaa mezani, baada ya kukigeuzageuza kile kitambulisho cha mkimbizi, akasema kwa upole ulionichoma kuliko matusi: "Mama, nyinyi tumewapokea. Nenda nyumbani ukamshukuru Mungu." Hakutupa fomu. Tangu siku ile sijapata usingizi wa kutosha, na haya niandikayo yametoka katika kukesha huko.

Maana ya uwajibikaji haina haja ya kufasiriwa hapa, kwa kuwa kila mtu ajua kwamba aliyekabidhiwa nguvu hana budi kueleza alivyoitumia. Linalonishughulisha ni jambo ambalo fasiri hiyo hulipita upesi, nalo ni hili: aeleze kwa nani? Nikitazama namna hesabu ya askari inavyotolewa katika nchi yetu, naona kwamba hupanda juu siku zote, kutoka kwa konstebo hadi kwa mkuu wa kituo, kutoka kwa mkuu wa kituo hadi ile idara ya nidhamu ya polisi iliyoko Bukoto, na kutoka huko hadi kwa Inspekta Jenerali, waziri na Bunge. Wala haishuki hata siku moja hadi pale chini alipoketi aliyepigwa. Yeye, ambaye ndiye mwenye mfupa uliovunjika, huitwa shahidi tu katika shauri lake mwenyewe. Mimi nadai kwamba hesabu kabla ya kuwa adhabu ni jawabu, na mwenye haki ya kwanza ya kujibiwa ni madhulumu.

Najua kwamba askari wetu hulipwa kidogo na wengi wao hulala na watoto wao katika vibanda vya mabati, na kwamba mji uliolipuliwa kwa mabomu Julai 2010 na tena Novemba 2021 hauwezi kulindwa kwa maneno matamu. Hoja hizo ni za kweli na ninaziheshimu.

Lakini hoja ile ya "tumewapokea" siwezi kuiheshimu, na inanikera zaidi kwa sababu huivaa sura ya wema. Ni kweli kwamba Uganda imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na kwamba sheria yetu ya mwaka 2006 huwaruhusu kufanya kazi na kutembea watakako; sifa hiyo ni ya haki nami najivunia. Walakini hisani na haki ni daftari mbili, na deni lililomo katika moja halifutwi kwa malipo yaliyoandikwa katika nyingine. Katiba yetu ya mwaka 1995 husema katika ibara ya 20 kwamba haki za msingi ni za mtu kwa asili yake, hazikutolewa na dola. Na ibara ya 24, inayoharamisha mateso, humtaja mtu, haimtaji raia. Kisha tujiulize, hiyo hisani ni ya nani? Aliyetoa shamba ni mwanakijiji wa Yumbe, aliyekata ardhi ya babu zake akawapa watu asiowajua. Afande yule hakutoa hata shibiri moja, naye akaitumia sadaka ya mwingine kuwa cheti cha kupigia.

Fauka ya hayo, wale wanaosema hivi wameigeuza adabu ya ugeni juu chini. Katika mila zetu, za pwani na za bara, mgeni aliyekwisha kukaribishwa huwa amana mikononi mwa mwenyeji, na anayeidhuru amana hafanyi dhuluma peke yake, bali huongeza hiyana juu ya dhuluma. Mwenye nyumba huweza kugombana na nduguye wakapigana na kusameheana, lakini akimpiga mgeni aliyemlaza, kijiji kizima huaibika. Basi ikiwa kweli tumewapokea, dhima yetu kwao imezidi, haikupungua. Na neno lile ambalo afande alilitoa kuwa udhuru ndilo lililopaswa kumshtaki.

Wala ugeni hauna mpaka unaojulikana. Mwaka 1970 walioambiwa kwamba wao ni wageni walikuwa wafanyakazi kutoka Kenya, wakafukuzwa. Mwaka 1972 wakawa Wahindi, waliopewa siku 90. Mwaka 1982 wakawa Wanyarwanda wa Mbarara, na miongoni mwao walikuwamo watu waliozaliwa papa hapa. Ikaja Novemba 2016, jeshi na polisi walipoishambulia ikulu ya Rwenzururu, ufalme wa Wakonzo, mjini Kasese, ambapo Human Rights Watch waliwahesabu waliouawa kuwa zaidi ya 150, na Wakonzo si wageni wa mtu yeyote katika milima yao. Kisha Novemba 2020, watu 54, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walikufa katika ghasia zilizofuata kukamatwa kwa mgombea urais Robert Kyagulanyi, wengi wao hapa hapa katika mji mkuu wa nchi yao. Yaelekea rungu halimtafuti mgeni. Yeyote linayemwangukia humfanya mgeni, kwa kuwa mgeni, katika lugha ya kituoni, ni yule ambaye hapana anayelazimika kumjibu.

Nimeitaja lugha, na hapa msomaji anisamehe, kwa kuwa jambo hili hunirudia kila mara. Jirani yangu alipigwa kwa Kiswahili. "Toa vitu! Haraka!" ndiyo maneno aliyoyasikia, katika lugha ileile aliyobembelezewa utotoni huko Kivu, nayo hapa Kampala kwa karibu karne nzima imekuwa lugha ya kambi na ya kituo. Gavana Gowers alipotaka kuieneza mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alipinga. Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wakaipokea kama wanavyopokea amri ya jeshi. Na mapema katika miaka ya 1980 maneno mawili mepesi, "panda gari", yakawa jina la misako ambayo wengi waliopakiwa katika malori yake hawakurudi. Leo Kiswahili kimo ndani ya Katiba yetu, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe. Lakini nani atawafundisha wazee wa Katwe kwamba lugha hii inayo pia maneno kama tafadhali, samahani na pole? Mimi niipendaye nimewahi kuona mama mmoja sokoni akishtuka kwa kusalimiwa kwayo. Lugha iliyotumiwa kuamuru tu, bila kujibu, nayo pia hudhulumiwa.

Turudi kwenye jawabu. Oktoba 2017 Mahakama Kuu iliamuru washukiwa 22 wa kesi ya mauaji ya Kaweesi, ofisa wa polisi, walipwe shilingi milioni 80 kila mmoja kwa mateso waliyoyapata mikononi mwa wapelelezi. Nilifurahi, kisha nikafikiri: fedha hizo ni za Hazina, na katika Hazina imo kodi ya kila kitenge auzacho jirani yangu, basi aliyepigwa huchangia fidia ya kupigwa kwake, na aliyepiga halipi kitu. Sheria ya haki za binadamu ya mwaka 2019 imejaribu kuliziba tundu hilo kwa kumbebesha mtumishi wa serikali dhima yeye binafsi. Ni sheria njema. Lakini sijui kama konstebo wa mshahara mdogo ndiye wa kubebeshwa peke yake, ilhali Agosti 2016, Inspekta Jenerali Kayihura alipoitwa katika mahakama ya Makindye kujibu mashtaka ya mateso, hakufika, na umati wa watu ukaizingira mahakama kumtetea. Wala sijui kama fedha, zitoke mfukoni mwa yeyote, ndizo jawabu. Jirani yangu nilimwuliza anataka nini. Akanyamaza kitambo, akasema: "Papa, nataka yule afande aniambie kwa nini."

Mfupa wake umeanza kuunga, vibaya, na kidole cha mwisho hakikunjiki. Jumatatu tutarudi kituoni kuidai ile fomu.