Mfungwa na Dawa Yake



Kuna maneno yanayosemwa kati yetu, hata baada ya ibada: mtu amekosa, amefungwa, halafu anaishtaki jela kwa sababu hakupewa dawa zake za akili? Si ashukuru kwamba analishwa! Wengine wetu tumetoka mahali ambapo mfungwa asiyeletewa chakula na ndugu zake hulala njaa, kwa hiyo tunaelewa maneno hayo yanatoka wapi. Lakini hatukubaliani nayo.

Adhabu ya jela ni kunyimwa uhuru. Hakuna hakimu anayeandika kwamba mtu anyimwe na akili zake pia. Akiwa nyumbani hapa Tonawanda, dawa ikiisha anakwenda duka la dawa au anamtuma mtoto. Akifungiwa, njia hizo zote zimekatwa, na aliyezikata ni yule mwenye ufunguo. Basi deni la dawa ni lake. Tena wengi walio katika jela za kaunti hawajahukumiwa bado, wanangoja kesi.

Sheria ya Marekani ilifika hapo kwa njia ya mfungwa. Mwaka 1973, huko Texas, J. W. Gamble aliangukiwa na robota la pamba akifanya kazi ya gereza, akaandika mashtaka kwa mkono wake. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ikasema kwamba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa ni ukatili uliokatazwa na Katiba. Gamble mwenyewe alishindwa kesi ile, lakini kanuni ikabaki, na mahakama zimeihesabu akili pamoja na mwili.

Na hapa kwetu? Mwaka 2009 Serikali ya Marekani yenyewe iliishtaki kaunti ya Erie juu ya jela zake, ya Buffalo mjini na ya Alden, kwa mambo ya wafungwa kujiua na ya matibabu ya akili. Walipatana kwa hatua, 2010 na 2011. Hatukusikia mtu akisema serikali haina shukrani.

Someni Yeremia 38. Nabii yuko shimoni, ndani ya matope. Anayekwenda kwa mfalme kumdai ni Ebedmeleki, Mkushi, mgeni katika mji ule. Hata matambara ya kuweka kwapani, kamba zisimkate, aliyakumbuka.

Lakini kuna jambo moja zito. Ili kushinda mahakamani, haitoshi kuonyesha kwamba dawa haikutolewa. Inatazamwa kama wahusika walijua hatari wakaipuuza. Sasa familia ikificha ugonjwa kwa aibu, jela itajuaje? Tena sheria ya 1996 inamtaka mfungwa amalize kwanza malalamiko ya ndani ya jela, na siku zake ni chache. Fikirini mtu asiyejua Kiingereza, siku ya nne bila dawa, akijaza karatasi hiyo peke yake.

Chupa iliyobaki kabatini ina jina la dawa, kipimo, na jina la daktari. Mmoja anayejua Kiingereza apige simu jela siku ileile, asome yaliyo kwenye chupa, kisha aandike tarehe, saa, na jina la aliyepokea.