Kwa Nini Mimi na Si Jirani?

Watu wawili wa kilima kimoja karibu na Gitega, nchini Burundi, wanapunguza matawi ya mgrivea uliopandwa katikati ya kahawa. Mti ni ule ule, panga ni lile lile. Baada ya siku mbili mmoja anaamka na mikono iliyovimba, malengelenge yamefuata mistari ile ile ambayo matawi yalimkwaruza, kope zimefura hata macho hayafunguki vizuri. Mwenzake hana hata kipele. Swali linalozuka hapo si la kitabibu. Hakuna anayeuliza utomvu una nini. Watu huuliza kwa nini yeye. Likishaulizwa hivyo, majibu huwa yamekwisha kuandaliwa: ama Imana, Mungu, anamwadhibu kwa jambo alilolificha, ama yupo umurozi, mchawi, aliyemtegea. Ninadai kwamba majibu haya mawili ni kosa moja lenye majina mawili. Ninadai pia kwamba Ukristo ulioenea Gitega, na Uislamu ulioota mizizi Muyinga, kila mmoja una sababu zake wenyewe za kuyakataa, bila kungoja kusukumwa na sayansi.

Hata hivyo tuanze na mti, kwa sababu teolojia isiyojua kinachotokea kwenye ngozi huishia kumtukana mgonjwa. Mgrivea asili yake ni mashariki mwa Australia, na umepandwa kote katika nchi zetu za milimani kwa ajili ya kivuli, kuni na mbao. Ndani yake mna kemikali zinazokaribiana na zile za ganda la embe na la korosho. Haziunguzi kila mtu. Huingia ngozini, zikashikamana na protini za mwili, na kwa baadhi ya watu chembe za kinga hujifunza kuzitambua kama adui. Mara ya kwanza hakuna kinachoonekana. Mgusano wa baadaye ndio unaoamsha vita, na vita hiyo huchukua siku moja hadi tatu kujitokeza. Huu ndio mzio, au aleji, jina ambalo daktari Clemens von Pirquet wa Vienna alilitunga mwaka 1906. Sasa angalia jinsi mambo mawili yanavyompoteza mgonjwa. Mwaka jana alikata mti huo huo asipate neno, kwa hiyo mti haumo katika orodha ya washukiwa. Na kati ya Jumatatu ya panga na Jumatano ya mwasho kuna Jumanne, siku aliyokunywa urwarwa, pombe ya ndizi, na watu, au akabishana na jirani juu ya mpaka wa shamba, katika nchi ambayo kesi za ardhi zinajaza mahakama. Ugomvi wa jana uko karibu kuliko mti wa juzi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na watu huitumia methali hiyo kumnyooshea kidole ndugu; kwa mtu huyu kimo nguoni kweli, katika unga wa mbao ulioganda kwenye shati analolivaa tena bila kulifua.

Atatokea mtu aseme kwamba maelezo haya hayagusi swali lenyewe. Pingamizi hili ni zito, na aliyelieleza vizuri kuliko wengi ni mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu uchawi wa Wazande. Mzande, alionyesha, anajua fika kwamba ghala limeanguka kwa sababu mchwa wamekula nguzo. Anachotaka kujua ni kwa nini lilianguka saa ile, juu ya watu wale waliokaa chini yake. Vivyo hivyo Mrundi anaweza kukubali habari yote ya utomvu na bado akauliza: kwa nini mwili wangu ndio uliojifunza uadui huo, na si wa jirani? Sehemu ya swali hilo sayansi inaijibu, maana miili hairithi kinga iliyo sawa, na wanaougusa mti mara nyingi wako hatarini zaidi. Sehemu nyingine inabaki bahati tu. Lakini swali lililobaki wazi halimpi mtu ruhusa ya kulijaza kwa jina la jirani. Tuhuma ya uchawi imewahi kugharimu watu maisha nchini Burundi, na anayetuhumu anadaiwa ushahidi ule ule ambao angeudai kama angeshtakiwa yeye.

Wengine watashika Biblia na kunikumbusha kwamba katika sura ya tatu ya Mwanzo ardhi inalaaniwa na kuzaa miiba na michongoma, kwa hiyo mwasho wa mkulima ni sehemu ya adhabu. Sawa, tuikubali hoja hiyo kwa muda. Laana ile ilimpata kila ashikaye jembe. Haiwezi kueleza kwa nini mmoja amevimba na mwenzake mzima. Adhabu ya wote haithibitishi dhambi ya mmoja. Waliotaka kuithibitisha walikuwa Elifazi, Bildadi na Zofari, waliomwona Ayubu amejaa majipu toka utosini hadi nyayoni wakaanza kumtafutia kosa, na mwisho wa kitabu Mungu anawakemea wao, si mgonjwa. Padri anayeihubiri habari ya Ayubu kama somo la subira tu ameacha nusu yake.

Augustino, Mwafrika wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliyefariki mwaka 430, aliwajibu waliosema viumbe vyenye madhara vinaonyesha uumbaji mbovu. Asiyejua ufundi, alisema, akiingia karakana na kujikata kwa kifaa, hukiita kibaya. Fundi anayejua kazi yake anamcheka. Jibu hilo lina ukali kidogo kwa mtu anayejikuna usiku kucha, lakini kwa mnyaa linafaa kabisa. Mnyaa, umunyari kwa Kirundi, umezungushiwa nyumba nyingi kama ua, na unafaa kuwa ua kwa sababu maziwa yake yanachoma, na mbuzi hataki kuutafuna. Maziwa hayo yakirukia jicho la anayeukata yanaweza kumpofusha kwa siku kadhaa. Ukiomba mnyaa usiochoma, umeomba ua usiozuia kitu. Kinachohitajika ni mkataji aliyefundishwa kugeuza uso, na maji safi karibu ya kuosha jicho mara moja.

Muyinga huenda pingamizi likaja kwa sura nyingine: sababu hazina nguvu, kila kitu ni kwa qadari, basi kuzungumzia utomvu ni kupunguza utegemezi wa mja kwa Mola wake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali kuliko wengi katika kukana kwamba moto unaunguza kwa nguvu zake wenyewe. Huyo huyo aliona kwamba mwenye njaa asiyenyoosha mkono kwenye chakula, kwa madai ya tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, ni mwendawazimu. Na Nabii Ayyub katika Kurani anaamriwa apige ardhi kwa mguu wake, na maji baridi yanatokea, ya kuoga na ya kunywa. Uponyaji wa Mungu ulimtaka ainue mguu na aoge.

Mvua za Septemba zinapofungua msimu, padri wa Gitega na imamu wa Muyinga huwa na watu wale wale mbele yao: wakulima watakaorudi mashambani kesho. Wawaambie haya kutoka mimbarini: ukikata mti, vaa mikono mirefu, jioshe kwa sabuni, fua shati kabla ya kulivaa tena, vikitokea vipele, hesabu siku tatu nyuma na kumbuka ulishika nini, na uende kituo cha afya kabla hujataja jina la mtu.