Kusahau si Dhambi, Kudhihaki ni Dhambi

Wazazi wapenzi, tumfikirie mtoto mmoja wa Ilemba, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa. Asubuhi aliagizwa achukue fagio la shule. Amefika mikono mitupu. Daftari lake aliliacha jana shambani, alikokuwa akifukuza ndege katika mpunga. Mwalimu akimwuliza swali, mawazo yake yako nje ya dirisha. Wenzake wacheka, nao wamempa jina: “Bwana Nimesahau”.

Je, mtoto huyu amekosa nini? Kanisa latufundisha kwamba dhambi hutaka hiari. Yeye hakukusudia kusahau. Bali anayemdhihaki amechagua kumdhihaki. Lakini sisi twamchapa wa kwanza, na wa pili twamwacha aende zake.

Madaktari wa leo waijua hali hii. Wako watoto wenye akili njema ambao ubongo wao hautulii kwa urahisi juu ya jambo moja, na mara nyingi hali hiyo hurithiwa. Si uvivu, si ukaidi, wala si uchawi. Pengine tena mtoto hasikii vema au haoni ubao. Basi na apelekwe hospitali akapimwe.

Tumkumbuke Mtakatifu Yosefu wa Cupertino, aliyezaliwa Italia mwaka 1603. Mawazo yake yalikuwa yakipotea hata akabaki kinywa wazi, na wenzake wakampa jina la dhihaka kwa sababu hiyo. Wakapuchini walimpokea, kisha wakamrudisha, maana alivunja sahani na kusahau kazi alizopewa. Hata hivyo mwaka 1628 alipata Upadre, na leo wanafunzi wanaofanya mitihani humwomba awaombee.

Tukiri ukweli: mara nyingi jina la dhihaka halizaliwi shuleni. Mama aliyechoka alilitamka jikoni, ndugu zake wakalichukua njiani, darasa likalipokea. Twawezaje kuwakemea watoto wa jirani kwa neno walilolipata nyumbani mwetu?

Wengine watasema: Samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini kukunja si kuvunja. Mtume mtoto jambo moja, si matatu, naye alirudie kwa kinywa chake kabla hajaondoka. Vitu vya shule viwekwe jioni mahali pamoja, karibu na mlango. Akisahau, arudi akakichukue alichosahau, bila matusi. Hivyo atajifunza wajibu wake. Baba aende kwa mwalimu kwa heshima, amwombe amketishe mtoto mbele, na kukomesha dhihaka darasani. Na ndugu zake waonywe kwamba kumtetea mdogo wao ni tendo la mapendo, tena ni wajibu wao.

Jambo hili si dogo. Mtoto anayechekwa kila siku huacha kwanza kujibu maswali; mwisho aweza kuiacha shule yenyewe. Na atakayesadiki kwamba yeye ni mjinga, nani atamwondolea neno hilo moyoni?

Basi leo jioni, baada ya sala ya jamaa, mwiteni mtoto wenu karibu. Mwiteni kwa jina alilopewa siku ya Ubatizo wake. Wala lisisikike tena jingine nyumbani mwenu.