Zakayo Alikaribishwa Kabla ya Kulipa

Yesu alipofika chini ya mkuyu pale Yeriko, hakumuuliza Zakayo amewadhulumu watu kiasi gani. Alimwita kwa jina, akamtaka ashuke upesi kwa kuwa siku ile angeshinda nyumbani kwake. Zakayo alikuwa bado hajaahidi kurudisha hata senti moja. Watu wakanung'unika, na tusiwalaumu haraka: mkuu wa watoza ushuru alitajirika kwa jasho lao, na sasa Mwalimu anaingia kwake kabla yeyote hajarudishiwa chake.

Mara nyingi habari hii huhubiriwa kinyumenyume, kwamba Zakayo alitubu, akalipa, ndipo akapokelewa. Luka hakuiandika hivyo. Alitanguliza mgeni, malipo yakafuata, tena malipo yaliyopita kiasi. Torati, katika Mambo ya Walawi, ilimtaka aliyedhulumu arudishe mali pamoja na sehemu ya tano juu yake. Zakayo akataja mara nne, na nusu ya mali yake kwa maskini. Anayelipa ili asamehewe hupiga hesabu. Akishatimiza kiasi, anafunga mkono. Huyu mkono wake ulikuwa umeshafunguliwa.

Kuhusu mpangilio huo, kukubaliwa kwanza na malipo baadaye, Wakristo wa Ulaya waligawanyika tangu Martin Luther alipopinga biashara ya vyeti vya rehema mwaka 1517. Ilichukua hadi tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki kutia saini tamko la pamoja: mwanadamu hukubaliwa na Mungu kwa neema, wala si kwa stahili yoyote yake. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006. Waumini wengi hawajawahi kulisikia tamko hilo. Wanayoyasikia ni bei za chupa za mafuta ya upako, na sioni tofauti kubwa kati ya chupa hizo na vile vyeti.

Huku kwetu mpangilio wa Zakayo ulionekana wazi katika uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Buhaya na Kenya. Walokole, kama walivyoitwa waumini wa uamsho huo, walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni, wakaomba radhi kwa watu waliowakosea, huku wakishuhudia kwamba wameshasamehewa. Kulikuwa na kasoro pia. Pengine ushuhuda wa hadharani uligeuka kuwa ushuru mpya, na asiyeungama mbele ya watu akahesabiwa hajaokoka.

Hata hivyo uamsho huo ndio uliomlea Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliyewahi kufundisha shule Dodoma. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin Februari 1977, Kivengere na mkewe walikimbia kwa miguu, wakavuka milima hadi Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin. Kitabu hakifichi mauaji, wala hakimpunguzii Amin hatia. Kivengere alikataa tu kungoja muuaji aombe radhi ndipo asamehe, kwa sababu yeye mwenyewe hakungojewa.

Kivengere alifariki mwaka 1988. Amin alifia uhamishoni Saudia mwaka 2003, bila kuwaomba radhi Waganda. Msamaha ulikuwa umeshatolewa miaka 26 nyuma.