Mkono wa Mtu

Misibani kwetu kifo cha ghafla hakikosi mshitakiwa. Asubuhi mtu kaonekana mzima akinunua gazeti; jioni mikeka imetandikwa na waombolezaji wanahesabu maadui zake kwa sauti ya chini. Yupo aliyegombania naye shamba. Yupo aliyemkaribisha chakula juzi.

Wamarekani nao, kumbe, wana mikeka yao. Usiku wa tarehe 9 Desemba 2022, mwandishi wa soka Grant Wahl alianguka kwenye jukwaa la waandishi katika uwanja wa Lusail, Qatar, Argentina na Uholanzi wakicheza muda wa nyongeza wa robo fainali ya Kombe la Dunia. Hakuinuka tena. Alikuwa na miaka 49.

Shaka zilizofuata sizicheki. Novemba alikuwa amezuiwa kwenye uwanja mwingine kwa kuvaa fulana yenye upinde wa mvua, na alikuwa amewaandika vikali wenyeji kuhusu vifo vya vibarua wa kigeni. Ndugu yake alitoka hadharani akasema ameuawa (baadaye aliyafuta maneno hayo). Wengine wakailaumu chanjo ya UVIKO.

Mwili ulichunguzwa New York, na aliyetoa jibu ni mjane wake, Dkt. Céline Gounder, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza. Aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ilikuwa imevimba polepole bila mtu kujua, ikapasuka. Damu ilijaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo, na moyo uliobanwa hivyo haupati nafasi ya kujaa wala kusukuma. Kukandamizwa kifua au kushtuliwa kwa umeme, alisema, kusingemwokoa. Kule kubanwa kifua alikokuhisi siku zilizotangulia, wakati akitibiwa kikohozi, huenda ndiko kulikokuwa dalili.

Angenyamaza tu, hasira za watu zingemfanyia kazi. Mumewe angebaki shahidi aliyeuawa kwa ajili ya ukweli, na mjane wa shahidi hupewa kiti cha mbele popote aendapo. Yeye akachagua kuwa mke wa mtu aliyepasukiwa na mshipa.

Huku kwetu tunapomtaja mchawi tunadhani tunamtetea marehemu. Naona tunajitetea wenyewe: ikiwa kuna mkono wa mtu, basi mimi nisiye na adui niko salama. Uvimbe wa aota hauulizi hayo. Unaweza kukua miaka mingi bila maumivu. Shinikizo la damu na sigara huuchochea, na mara nyingine hutembea katika ukoo. Kwa hiyo ndugu wa tumbo moja na marehemu, ambao wangekuwa hospitali wakipigwa picha ya moyo na mishipa, wako kwa mganga wakitafuta jina la jirani.

Wala jibu la daktari halikuwanyamazisha wote. Januari 2023 Gounder alilazimika kuandika gazetini kuwajibu walioendelea kumhusisha mumewe na chanjo, watu ambao wengi wao hawakuwahi hata kusalimiana naye.