Hesabu Kwanza, Hotuba Baadaye

Mwanangu, habari za wewe kuchaguliwa mwenyekiti wa kijiji zimenifikia. Hongera. Nasikia umeahidi kuanza na shule ya msingi. Kiti hicho nilikikalia vipindi viwili, na shule hiyo niliitetea, lakini nilianza vibaya. Nikusimulie, usije ukapita nilipopita.

Mimi ni mtoto wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wanafundisha. Watani wakasema UPE ni "Ualimu Pasipo Elimu". Tulicheka wote. Lakini ni kijana wa namna hiyo aliyenishika mkono mpaka nikaandika jina langu. Marehemu babu yako hakuwa na senti ya kunilipia. Kwa hiyo mtu akiidharau shule ya umma mbele yangu, huwa nasikia ananidharau mimi.

Mwaka 2016 elimu bila malipo ilipoanza, nilisikia serikali inaleta fedha shuleni. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji nikasimama, nikamwambia mwalimu mkuu mbele ya watu kwamba fedha zinaliwa. Nikapigiwa makofi! Yule mama hakunijibu. Siku ya pili aliniita ofisini, akanifungulia daftari. Ruzuku ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 6,000 zilitumwa shuleni, zilizobaki zilikuwa za vitabu. Wanafunzi walikuwa 412. Nikapiga hesabu mwenyewe: shilingi 206,000 kwa mwezi. Humo chaki, humo karatasi za mitihani, humo bati lililong'oka.

Kisha akanipeleka darasa la pili. Watoto wameketi sakafuni, daftari mapajani. Mmoja amevua kandambili zake, amezikalia ili sare isichafuke. Aliponiona akasimama kunisalimia, zile kandambili zimeacha alama vumbini. Nilitamani ardhi inimeze. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku ile debe nilikuwa mimi. Mkutano uliofuata nilimwomba radhi hadharani, palepale nilipomvunjia heshima.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuhesabu. Nilihesabu madawati. Nilihesabu walimu. Nilihesabu matundu ya vyoo: wasichana 200 walikuwa na matundu manne, na mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20. Nikaenda kamati ya maendeleo ya kata na karatasi moja tu. Diwani akauliza, "Upungufu ni kiasi gani?" Nikamjibu, "Matundu sita." Wenzangu walikuwa wamesema "hali ni mbaya", na hali mbaya haiingii kwenye bajeti. Matundu sita yanaingia.

Basi, mwanangu, shika haya. Wahi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini bajeti ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla. Ukipeleka ombi Mei, chungu kimeshaepuliwa. Mapato na matumizi ya shule yasomwe mkutanoni kila baada ya miezi mitatu, hata kama kilichoingia ni kidogo, maana uvumi hukua pale karatasi inapofichwa. Mkichanga, mchango uwe wa hiari kweli, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hakutoa. Mzazi huyo mwombe siku moja ya kusomba mchanga, atakuja. Na wazee wasio na mtoto shuleni wasikwambie haiwahusu. Nesi atakayewachoma sindano yumo darasani mle.

La mwisho ni zito kuliko yote. Utachoka. Vyoo vile vilichukua miaka mitatu, na vilipokamilika jina lililoandikwa ukutani halikuwa langu. Usigombee ukuta. Siku ya kuvifungua nilisimama nyuma, nikawatazama wasichana wakipanga foleni fupi, nikaondoka mapema kwenda shamba.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuita mkutano wako wa kwanza, chukua daftari na kalamu uende shuleni. Bisha hodi kwa mwalimu mkuu kwanza. Kisha anza na darasa la pili.